Tukijaaliwa na Nani?

MARYAM: Asalaam aleikum nyote mlio nasi. Sule, habari za hapa?

SULE: Waaleikumu ssalaam. Za hapa njema, pole wewe na msiba. Wasikilizaji, wiki iliyopita hamkutusikia kwa sababu Maryam alikuwa Wete, kafiwa na mama yake mdogo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MARYAM: Amin. Na hiyo amin ndiyo niliyorudi nayo kutoka Pemba.

SULE: Kivipi? Si tulikubaliana leo tuseme mambo matatu ya kumwambia mfiwa? Umeniletea na karatasi hii hapa.

MARYAM: Tutafika. Kwanza nikuhadithie. Marehemu ana binti, tumelelewa pamoja, tukilala kitanda kimoja. Yuko Uingereza tangu tumalize skuli. Kaja kuzika. Nimemuomba ruhusa ya kuyasema haya, kanipa, lakini jina lake msiniulize.

SULE: Haya.

MARYAM: Siku ya pili tumekaa uwani, mie na yeye, tunachambua mchele wa hitma. Watu wanaingia hawakatiki. Huyu, "Mungu amuweke pahala pema," yeye, "Amin." Yule, "Mungu akupeni subira," "Amin." Akaja bibi mmoja mkongwe, anatembea kwa kushika ukuta. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama yako kaitwa na mwenyewe, mwanangu." Naye, "Amin, bibi." Bibi alipopita, yule dada yangu kabaki na punje moja ya mchele kidoleni, anaizungusha, anaizungusha. Akanambia polepole, "Maryam, mie siamini tena. Miaka sasa. Kila amin ninayosema leo naihisi kooni kama mwiba wa samaki changu."

SULE: Lahaula.

MARYAM: Nikamuuliza, sasa kwa nini unasema? Kanijibu, "Nisipoipokea, mikono ya bibi yule itabaki hewani."

SULE: ...Ngoja. Nipe muda kidogo.

MARYAM: Hata mie sikuwa na la kusema. Nikavuta ungo, nikaendelea na mchele.

SULE: Mimi limenichoma, sikufichi. Kwanza kwa sababu yeye ni mfiwa. Msiba unatosha, juu yake abebe na siri. Pili, na hapa labda tutagombana, naona afadhali angenyamaza. Amin si "asante". Amin ni "ewe Mola, itikia". Anamwambia nani?

MARYAM: Anamwambia bibi.

SULE: Bibi hakuombwa kitu.

MARYAM: Bibi ndiye aliyekuja na mikono yake, Sule! Katoka kwake kwa miguu, na magoti yale. Lakini subiri, kuna kisa cha gari hujakisikia, ndicho kilichonifumbua macho. Yeye aliwahi kurudi Unguja mbele yangu, boti ya asubuhi kutoka Mkoani. Kutoka Wete mpaka Mkoani unajua mwendo wake, unapita Chake, unashuka huko. Tukamwita kijana mwenye gari. Dada yangu anamuuliza, "Utafika saa kumi na moja alfajiri?" Kijana, "Inshallah." "Nakuuliza, utafika au hutafika?" "Inshallah, dada." "Nataka ndiyo au hapana!"

SULE: Ah! Kamtia unyonge.

MARYAM: Uso ulimbadilika. Kanambia mie pembeni, "Huyu dada haniamini?" Na unajua kafika saa ngapi? Saa kumi na nusu. Kazima taa asituamshe, kakaa ndani ya gari kimya mpaka tulipotoka. Inshallah yake ilikuwa nzito kuliko ndiyo.

SULE: Basi huyo kasema ile yenyewe. Kwa sababu, Maryam, ziko nyingi. Iko inshallah ya mama. Mimi nilitaka baskeli tangu darasa la tatu, kila Idi "inshallah, mwanangu", mpaka nikaota ndevu.

MARYAM: [anacheka] Ile ndefu, inavutwa. "Inshaaallah."

SULE: Ikivutwa ujue huna kitu. Ikiwa fupi na mtu anakutazama machoni, kafunge mzigo. Halafu iko ya fundi cherehani.

MARYAM: Usinikumbushe kumi la mwisho la Ramadhani!

SULE: Kitambaa kimekunjwa vilevile ulivyokileta, hata mkasi hakijaonja, na yeye, "Kesho baada ya taraweh, inshallah." Usiku wa kuamkia Idi mmejaa barazani kwake watu kumi na tano, kila mmoja ana inshallah yake mkononi.

MARYAM: Na iko ya mchumba. "Nitakuja nyumbani kujitambulisha, inshallah." Hiyo msikilizaji wetu mmoja alituletea mwaka jana, nadhani mpaka leo hajaja.

SULE: Na hao wote wanalikosea neno. Aya ziko wazi, Suratul Kahf, ya 23 na ya 24: usiseme kwa jambo lolote kwamba nitalifanya kesho, ila useme Mwenyezi Mungu akipenda. Maana yake unaahidi kwa nguvu zako zote, na unakiri kwamba kesho si mali yako. Fundi kaigeuza mlango wa kutokea.

MARYAM: Sasa sikiliza. Huyo fundi anaamini, anaswali tano. Lakini inshallah yake tupu. Dada yangu haamini, lakini amin yake ilimpokea mtu. Nani kalitumia neno vizuri?

SULE: Hapana, usinipeleke huko. Fundi kakosa, atatubu. Neno lenyewe bado analijua mwenyewe.

MARYAM: Waarabu Wakristo wanasema inshallah na alhamdulillahi kila siku. Hapa hapa Mkunazini, mtu anatoka kanisani Jumapili, ukimwambia tuonane kesho anakujibu inshallah. Wahispania wana "ojalá", imetokana na maneno ya Kiarabu ya jamaa moja na hayo, na anayeisema hata hafikirii. Neno linasafiri.

SULE: Hao Wakristo wanamwamini Mungu! Hujanipa mfano. Na huyo Mhispania wako umemjibu mwenyewe: hafikirii. Kwake neno limekauka.

MARYAM: Dada yangu alinambia hivyohivyo. Kule Uingereza, anasema, "goodbye" asili yake ni "Mungu awe nawe". Anaisema mara ishirini kwa siku na haimkwami popote. Mtu akipiga chafya anamwambia "bless you", basi, yamepita.

SULE: Kwa sababu yamekufa. Hapa kwetu bado mabichi. Mtu akikwambia "Mungu akupe subira" anaomba kweli, pale pale, mbele yako. Ndiyo maana dada yako yanamkwama. Koo lake linasema kweli, Maryam. Lisikilizwe.

MARYAM: Sasa aseme nini? Niambie. Aseme nini kwa bibi?

SULE: Lugha ina maneno. Ana "ahsante, bibi". Ana "nimeshapoa". Asubuhi ana "sabalkheri", kheri tu, wala haikutajwa mtu. Shikamoo nayo ni "nashika miguu yako", na tunajua wako wenzetu wa dini wanaoikataa kwa maana hiyo hiyo, wanaona kama kusujudia kiumbe.

MARYAM: Na wewe unampa nani shikamoo?

SULE: Wazee wote. Lakini maana ile imeshapotea, hakuna anayeshika miguu.

MARYAM: Ehe! Kwa shikamoo maana imepotea na unaisema, kwa amin dada yangu anyamaze?

SULE: Si sawasawa. Shikamoo ni baina ya mimi na mzee. Amin ina wa tatu.

MARYAM: Kwako ina wa tatu. Kwake ina wawili.

SULE: Hapo ndipo tulipo.

MARYAM: Hapo ndipo tulipo, na mie sisogei. Msibani kumwacha mtu mikono hewani ni ukatili, na kumdai atangaze moyo wake mbele ya maiti ya mamake ni ukatili zaidi.

SULE: Sijasema atangaze! Nimesema asisukumwe kusema asichokiamini, halafu tukakiita adabu. Mimi ninayeamini ndiye ninayeumia. Bibi kadhani wameomba wawili, kumbe kaomba peke yake.

MARYAM: ...Hilo sikulifikiria. Lakini silikubali.

SULE: Sikulazimishi.

MARYAM: Yeye mwenyewe kaniambia neno analolipenda ni "tukijaaliwa". Anasema linamtosha. Hebu litazame, tendo lipo, tulojaaliwa tupo, mtendaji hakutajwa. Anaingia humo akajisitiri, na hakuna aliyemdanganya.

SULE: Hakutajwa kwa sababu anajulikana. Ukisema "nimezaliwa Wete" hutaji mama, lakini mama yupo.

MARYAM: [kimya] Basi wewe leo umekuja na yako.

SULE: Nimekuja na karatasi yako. Mambo matatu, hatujasoma hata moja.

MARYAM: Soma la kwanza.

SULE: "La kwanza, ukimfikia mfiwa, kabla ya..." Unasikia? Adhana ya Magharibi. Mie nakimbia.

MARYAM: Yaache, tutayasoma siku nyingine. Mwenye kuyataka atuandikie. Jumapili namsindikiza dada uwanja wa ndege, kisha nitarudi nikuhadithie.

SULE: Mpe salamu zangu.

MARYAM: Zipi?

SULE: Mwambie Sule anakupa pole. Hiyo tu, pole.

MARYAM: Zitafika. Nenda, utachelewa swala ya jamaa. Kwaherini nyote, wiki ijayo tukijaaliwa.

SULE: Inshallah.

MARYAM: Fupi hiyo?

SULE: Fupi, na nakutazama.