Saba 36 katika pai

Mhadhara uliotolewa barazani, Lamu, baada ya sala ya alasiri

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi hadi ngazini. Nimeitwa kuzungumzia namba nomali, jambo ambalo nimelisema darasani, barazani na hata mashuani tukivuka kwenda Mokowe, na sitaacha kulisema madhali nasikia watu wazima wakiapa kwamba ndani ya pai, ile 3.14159 isiyokoma tunayoipata tukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, mna nambari ya simu ya kila mtu na kila shairi lililopata kutungwa. Juzi kijana mmoja alinionyesha simu yake: ameandika siku, mwezi na mwaka aliozaliwa, na programu imemtolea mahali zinapoanzia tarakimu hizo. Nilimwambia, "Mwanangu, ya kwako umeipata, sikatai. Lakini ya kwako si ya watu wote."

Anayedai kwamba kila kitu kimo ndani ya pai kwa kawaida anachukulia, bila kujua, kwamba pai ni namba nomali. Maana ya neno hili aliiweka Mfaransa Émile Borel mwaka 1909. Namba ni nomali katika kizio cha kumi, yaani uandishi wetu wa kawaida wa tarakimu kumi, 0 hadi 9, ikiwa, kadiri unavyosonga mbele katika desimali zake, kila tarakimu hukaribia kuchukua sehemu moja ya kumi, kila jozi ya tarakimu sehemu moja ya mia, kila kundi la tatu sehemu moja ya elfu, na vivyo hivyo bila ukomo. Usawa wa tarakimu mojamoja hautoshi, kwani namba 0.01234567890123456789, ikiendelea kujirudia hivyo, inazigawa tarakimu zake sawasawa kabisa, na bado hutaikuta 11 ndani yake hata ukihesabu mpaka kiama.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mwaka 1873 Mwingereza William Shanks alitangaza desimali 707 za pai, alizozitafuta kwa mkono wake kwa miaka mingi. Mwanahisabati Augustus De Morgan alikuwa amekwisha kuzikagua desimali za awali za Shanks na kuona kwamba tarakimu 7 ni chache kupita kiasi. Katika miaka ya 1940 D. F. Ferguson akagundua kwamba Shanks alikosea kuanzia desimali ya 528. Basi wasimulizi wakaviunganisha viwili hivi: kosa ndilo lililozifanya saba ziwe chache, na lilipoondolewa, saba zikarudi. Nami niliisimulia hivyo kwa wanafunzi wangu kwa muda mrefu, mpaka siku moja nikaona ni aibu kufundisha nisichokihesabu. Niliwaketisha mkekani na komwe za bao, tukasoma desimali 500 za kwanza, zile sahihi ambazo kosa la Shanks halikuzifikia, na kila tarakimu ilipotajwa komwe moja iliwekwa katika fungu lake. Tulipomaliza, fungu la moja lilikuwa na komwe 59. Fungu la saba lilikuwa na 36. Binti aliyelishika alilihesabu mara tatu, akidhani komwe zimemponyoka chini ya mkeka.

Upungufu ule, basi, ulikuwamo katika pai yenyewe kabla Shanks hajakosea popote. Ukifika desimali 1,000 saba zimekuwa 95, na ukifika milioni moja zimekuwa 99,800, yaani karibu mno na laki moja. Aliyesimama kwenye 500 angeapa kwamba pai inaichukia saba, na aliyesimama kwenye milioni anaapa kwamba pai ni nomali. Wote wawili wanaapa kwa kipande.

Mtu atanijibu kwamba siku hizi kompyuta imetufikisha mbali, kwani mwaka 2022 mtaalamu wa kompyuta Emma Haruka Iwao alifikisha tarakimu trilioni 100 za pai. Ndugu yangu, trilioni 100 ni kipande vilevile. Hakuna aliyethibitisha kwamba baada ya hapo saba haikomi kabisa. Tunajua kwamba desimali za pai haziishii katika mzunguko wa kujirudia, lakini namba inaweza kuendelea kwa sifuri na moja peke yake bila kujirudia kamwe. Hali ni hiyohiyo kwa kipeuo cha pili cha 2. Na linaloniuma ni kwamba Borel huyohuyo alithibitisha kwamba karibu namba zote ni nomali. Bahari imejaa samaki wa jamii hiyo, na huyu tuliye naye mkononi tangu enzi za kale hatujui kama ni mmoja wao.

Zipo zilizothibitishwa. Mwaka 1933 D. G. Champernowne, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, alipanga namba za kuhesabia kwa mfululizo, 0.123456789101112, akathibitisha kwamba ni nomali katika kizio cha kumi. Mwaka 1946 Copeland na Erdős walithibitisha hivyo kwa namba tasa zilizopangwa vilevile, 0.23571113. Vijana wa kompyuta, hili ni lenu: namba ya Champernowne ni nomali, na mtoto wa darasa la pili anaweza kukutajia tarakimu inayofuata. Msichukulie kwamba mfuatano uliogawanyika sawasawa unafaa kuundia nywila au funguo za siri, kwa maana kutotabirika ni sharti jingine.

Magharibi imekaribia, na nilikusudia kueleza jinsi namba inavyoweza kuwa nomali katika kizio cha mbili isiwe hivyo katika kizio cha sita. Hilo nitaliacha. Nitaje tu kwamba mwaka 1995 ilipatikana kanuni ya kuitafuta tarakimu ya mbali ya pai katika kizio cha 16 bila kupitia zilizotangulia, na kwamba mwaka 2001 Bailey na Crandall walionyesha kuwa dhana moja kuhusu mifuatano ya namba inayotokana na kanuni kama hiyo, ikithibitika, itatosha kuonyesha kwamba pai ni nomali katika kizio cha mbili. Dhana yenyewe bado haijathibitishwa.