Ugumu Unaoonekana na Ugumu Unaosikika

Ndugu wasikilizaji, wale mliowahi kunisikia nikizungumza juu ya muziki wa piano mnajua nitaanzia wapi. Nawaomba radhi waliokwisha kukichoka kisa hiki, lakini sijapata kingine kinachoonyesha jambo langu waziwazi kama hicho, kwa hiyo leo nitakisimulia tena, na nitakisimulia chote.

Joyce Hatto alikuwa mpiga piano wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1928. Katika miaka ya 1970 aliacha kupiga hadharani, na miaka mingi baadaye zikaanza kutoka CD zenye jina lake, moja baada ya nyingine, hadi zikapita 100. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu kigumu kilichowahi kuandikiwa piano: mazoezi ya Liszt, yaani vipande kamili vilivyotungwa kuujaribu ufundi wa vidole, mazoezi ya Chopin, kisha mazoezi hayohayo ya Chopin jinsi Godowsky alivyoyafanya magumu zaidi, na konseto za Brahms na Rachmaninoff, ambamo piano hupigwa pamoja na okestra. Wahakiki waliandika kwa mshangao mkubwa. Wapenzi wa piano walipashana habari kwamba yuko bibi mmoja mgonjwa, haonekani popote, naye anapiga peke yake vitu ambavyo vijana wenye afya zao huviogopa, tena anavipiga bila kosa. Bibi huyo alifariki mwaka 2006. Mapema mwaka 2007, msikilizaji mmoja aliweka kwenye kompyuta CD ya yale mazoezi 12 ya Liszt, na programu ambayo hutambua CD kwa urefu wa vipande vyake ikamwambia kwamba anayepiga ni mpiga piano mwingine, László Simon. Jarida la muziki la Gramophone likalifuatilia jambo hilo, wataalamu wa sauti wakalinganisha rekodi, na CD moja baada ya nyingine ikabainika kuwa kazi ya mikono ya watu wengine, baadhi ya vipande vikiwa vimebadilishwa kasi kidogo ili visitambulike. Mumewe, ambaye ndiye aliyezitengeneza na kuziuza, alikiri. Alieleza kwamba alianza kwa kuziba tu mahali ambapo mkewe aliguna kwa maumivu wakati wa kurekodi, na kwamba kutoka hapo akaenda mbali zaidi.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha wizi, na ni wizi kweli. Lakini mwizi alikwisha kukiri, hana tena la kutufundisha. Swali langu mimi linawahusu wasikilizaji, yaani linatuhusu sisi. Rekodi ya Simon ilikuwepo madukani miaka mingi kabla ya hapo. Nyundo za piano ziligonga nyuzi zilezile kwa namna ileile, na hakuna aliyezungumza juu ya muujiza. Jina lilipobadilishwa, likapachikwa juu ya sauti hiyo jina la bibi mgonjwa, ndipo watu waliposikia muujiza. Kama ni masikio yaliyokuwa yakistaajabu, kwa nini hayakustaajabu mara ya kwanza?

Najua kuna aliyekwisha kuinua mkono moyoni mwake ili aniulize kama ni kosa kumstaajabia binadamu aliyeushinda ugonjwa. Si kosa hata kidogo. Lakini huo ni ustaajabu wa subira na ushujaa, na ungetufaa vilevile kama bibi huyo angekuwa anafuma mikeka. Ninachokikataa ni kuuchukua ustaajabu huo, kuuvika nguo za muziki, kisha kusema, "Sijapata kusikia Liszt akipigwa namna hii," ilhali Liszt hakusikilizwa.

Wala nisieleweke kwamba nimejiunga na wale walimu wasemao kuwa wepesi wa vidole si kitu, na kwamba kilicho muhimu ni hisia tu. Maneno hayo nimeyasikia tangu nianze kufundisha na yamenichosha. Asiye na vidole hana njia ya kuipitisha hisia yake. Ugumu umo ndani ya muziki huu, umewekwa humo na mtunzi kwa makusudi, na msikilizaji anayeutambua anasikia zaidi kuliko asiyeutambua. Shida yetu ni kwamba tunaupigia makofi ugumu usio wenyewe.

Chukueni hayohayo mazoezi 12 ya Liszt. La nne linaitwa Mazeppa. Ni habari ya mtu aliyefungwa juu ya farasi mwitu akakimbizwa nyikani, na Liszt ameiandika kwa oktavu, yaani nota ya juu na mwenzake wa chini mwenye jina lilelile zikipigwa pamoja, na kwa mafungu mazito ya nota, mikono ikiruka kutoka upande mmoja wa piano hadi mwingine. Likimalizika, watu husimama. Linalofuata, la tano, linaitwa Feux follets, yaani ile mioto hafifu inayosemwa kuwa huonekana usiku juu ya vinamasi na kumpoteza msafiri. Halifiki dakika nne, na sehemu kubwa yake hupigwa kwa sauti ya chini. Likimalizika, watu hupiga makofi ya adabu na kungojea lijalo. Sasa waulizeni wapiga piano wenyewe ni lipi kati ya haya mawili wanaloliogopa. Wengi watawajibu kuwa ni la tano.

Sababu yake haina uchawi wowote, imo katika mashine yenyewe. Mpiga piano haugusi uzi. Anabonyeza kibonyezo, kibonyezo kinairusha nyundo ndogo yenye kichwa cha manyoya yaliyoshindiliwa, na nyundo ikisharuka, kidole hakina tena amri juu yake. Ukubwa wa sauti unategemea mwendo wa nyundo wakati inapofika kwenye uzi. Anayetaka sauti kubwa huirusha kwa nguvu, na ikizidi kidogo au ikipungua kidogo katika ngurumo ile, hakuna atakayejua. Anayetaka sauti ndogo lazima akishushe kibonyezo taratibu, lakini akikishusha taratibu mno, nyundo haifiki, na nota haisemi kabisa. Baina ya sauti ndogo na kimya pana nafasi nyembamba sana. Haya, sasa mwambieni mtu huyo apite katika nafasi hiyo nyembamba kwa kasi, nota mbilimbili kwa wakati mmoja katika mkono wa kulia, nota ya juu ikienda kwa njia yake na ya chini kwa njia yake, vidole dhaifu vikibeba kazi sawa na vidole vyenye nguvu, naye asikaze kifundo cha mkono, maana akikikaza tu wepesi wote umekwisha.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi, kijana mwenye mikono mizuri, ambaye alikuja kwangu akijivunia oktavu zake, na zilikuwa za kujivunia. Nikampa mistari minne tu ya kupiga kwa sauti ya chini kabisa, nikakaa nyuma yake nikafumba macho. Kila baada ya nota tatu au nne palikuwa na tundu. Nilipofumbua macho nikaona kidole cha pete kinashuka vizuri, kibonyezo kinashuka hadi chini, na sauti haipo. Alinitazama kana kwamba piano ni mbovu. Tulikaa na mistari hiyo minne miezi miwili, na siku ilipotoka bila tundu hata moja, mama yake, aliyekuwa amekaa palepale chumbani, akauliza kwa nini siku hizi mwanawe hafundishwi vitu vigumu. Simlaumu mama yule. Hakuna aliyewahi kumwambia asikilize nini.

Hata Liszt mwenyewe aliliona jambo hili. Mazoezi haya aliyaandika mara tatu. Mara ya kwanza ni mwaka 1826, akiwa bado hajatimiza miaka 16, na yalikuwa mepesi. Mara ya pili, yalipochapishwa mwaka 1839, aliyafanya magumu kiasi kwamba mtunzi mwenzake Schumann aliandika kuwa labda watu kumi au kumi na wawili tu duniani wangeweza kuyapiga. Mara ya tatu, mwaka 1852, alipunguza. Alikuwa amekwisha kuacha ziara za matamasha, amekwisha kushangiliwa Ulaya nzima, hakuwa na wa kumthibitishia kitu, akapitia ukurasa kwa ukurasa akiondoa nota zilizoongeza jasho bila kuongeza sauti. Toleo hilo la tatu ndilo tunalolipiga leo. Gwiji wa magwiji, aliyejua ugumu kuliko mtu yeyote wa zama zake, aliona kuwa ugumu mwingine ni mzigo tu.

Upande wa pili wa jambo hili ni Thalberg, yule mpiga piano aliyepambanishwa na Liszt mjini Paris mwaka 1837. Sifa ya Thalberg ilikuwa kwamba akipiga, unasikia mikono mitatu. Alichokifanya ni kuuweka wimbo katikati ya piano, vidole gumba vya mikono miwili vikipokezana kuuimba, na vidole vilivyobaki vikipanda na kushuka pande zote mbili kama maji. Ni hila nzuri sana, wala siibezi, lakini ukishaijua, unajua kuwa ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kwa hiyo tunacho kitu chepesi kinachosikika kigumu, na tunacho kitu kigumu kisichosikika kabisa kuwa kigumu, na makofi yetu yanakwenda kwa kile cha kwanza.

Mtaniuliza kama hii si dharau ya mtaalamu kwa watu wa kawaida. Sivyo, maana wataalamu nao wamo. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay, ambaye mwenyewe ni mpiga piano, alitoa matokeo ya majaribio ambayo mimi hayakunishangaza, ila yalinihuzunisha. Aliwapa watu vipande vifupi vya wapigaji waliofika fainali za mashindano ya kimataifa, wengine wakapewa sauti peke yake, wengine picha bila sauti, kisha akawataka wataje mshindi. Waliopewa picha bila sauti walimtaja mshindi kwa usahihi zaidi kuliko waliopewa sauti, na wanamuziki waliosomea kazi hiyo hawakuwashinda wasiosoma. Wengi wao kabla ya hapo walikuwa wamesema kuwa kinachohesabika ni sauti. Maana yake ni kwamba hata majaji, pamoja na miaka yao yote ya kufundisha, macho yao yaliwatangulia masikio.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wasikilizaji wa taarab. Anayeguswa na ubeti huinuka hapohapo, akaenda mbele, akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua ni neno gani lililomwinua. Tuzo yake ina mahali. Katika ukumbi wa piano tumejifunza kukaa kimya mpaka mwisho, na mimi naupenda ukimya huo, nisingependa uvunjwe, lakini una hasara yake: makofi yote yanarundikwa mwishoni, na mwishoni ndipo watunzi walipoweka ngurumo. Enzi za Liszt watu walipiga makofi hata katikati ya kipande. Siombi turudi huko. Naomba kila mmoja wetu awe anajua, anapopiga makofi, kwamba ni kwa ajili ya mahali gani.

Muda unanikimbia, na nilikuwa nimekusudia kusema mengi juu ya mashindano. Nitasema moja tu. Mwaka 2022, katika mashindano ya piano ya Van Cliburn huko Fort Worth, Marekani, Yunchan Lim, kijana wa Korea Kusini mwenye miaka 18, alipiga mazoezi yote 12 ya Liszt katika nusu fainali, kazi ya kama saa nzima, kisha katika fainali akapiga konseto ya tatu ya Rachmaninoff, akashinda. Video zake zimetazamwa na mamilioni, na sifa nyingi ninazozikuta ni za kasi na nguvu. Nendeni mkamsikilize katika zoezi la tano, kisha mniambie kama kasi ndiyo iliyostahili kusifiwa kwanza.

Na Horowitz, mpiga piano aliyejulikana kwa oktavu kama radi, aliporudi Moscow mwezi Aprili 1986 baada ya miaka zaidi ya 60 ugenini, kamera ilimnasa msikilizaji mmoja machozi yakimshuka shavuni. Kilichokuwa kikipigwa wakati huo ni Träumerei ya Schumann, ukurasa mmoja tu, ambao nota zake mwanafunzi aliyejifunza piano miaka michache tu anaweza kuzibonyeza zote. Nilitaka kukaa na ukurasa huo, kwa sababu ugumu wake ni wa aina nyingine tena, ila naona saa.

Nimalizie kwa kuwasikilizisha badala ya kuendelea kusema. Rekodi nitakayoiweka ni ya mpiga piano Sviatoslav Richter, mjini Sofia, Bulgaria, Februari 1958, mbele ya watu, wala haikusafishwa: mtasikia ukumbi umejaa kikohozi cha majira ya baridi. Anapiga Feux follets. Uzeeni mwake Richter alikuwa akitaka ukumbi uwe giza, ibaki taa ndogo moja tu juu ya kitabu cha nota, ili watu wasimtazame yeye, kwa hiyo nasi tutazima taa. Msihesabu kasi. Mkono wa kulia utakapoanza nota zake mbilimbili, fuateni ile ya juu peke yake, iacheni ya chini. Tutarudia mara ya pili, na mara hiyo fuateni ya chini. Fundi mitambo, tafadhali.