Urojo "too sweet", na balaa la hii sana yetu

Assalam alaykum jamani. Mliokaa nyuma sogeeni, viti vitupu vipo hapa mbele. Mie sikuja na makaratasi, nimekuja na kisa cha bakuli la urojo, huu mchuzi wetu mzito wa Zanzibar, maana ndo lililonifunza Kiingereza kuliko skuli.

Ndo kwanza naanza kutembeza wageni, jioni moja niko Forodhani na bibi mmoja wa kizungu, namkabidhi bakuli, nataka kumwambia huu mtamu sana, basi nikamwambia "this is too sweet". Bibi alikuwa ashainua kijiko, akakirudisha taratibu, akanambia yeye ana sukari. Urojo jamani! Wenye ukwaju na pilipili! Maneno mawili na yote nimeyakosea: sweet ni tamu ya asali na halua, chakula kitamu wao ni tasty au delicious, halafu too si sana, too ni kupita kiasi mpaka ishakuwa kero, too hot hainyweki hiyo, too expensive sinunui.

Skuli tuliambiwa very ni sana, tukaishia hapo. Kumbe sana yetu inabeba kila kitu, mtamu sana, nakupenda sana, ile ile moja. Kwao very inakaa mbele ya sifa, very tasty, ila kitendo haikiwezi peke yake, kwahiyo "I very like Zanzibar" hapana, sema "I like Zanzibar very much".

Sasa nyie mnaopeleka wageni msitu wa Jozani hapa mtege masikio. Mgeni kakuuliza kima punju, wale kima wekundu, wapo, ukimjibu "there are few" ushamkata stimu, kwake yeye ni kama umesema ni wachache hata tusijisumbue, lakini "there are a few" ndo wapo wapo, twende. Kijiherufi kimoja, a, na safari nzima inakitegemea! Little na a little vivyo hivyo, ila hizo za visivyohesabika, maji, muda, sukari.

Na kuhesabika kwenyewe msitumie akili ya Kiswahili, mtapotea. Kwetu nywele ni nyingi, kwao hair haihesabiki, inakwenda na much. Mchele much, karafuu many, wallahi na zote ni punje tu. Ukikwama kimbilia a lot of, hiyo haichagui.

Naam, kijana? Anauliza mbona wanasema fast asleep, kwani aliyelala anakimbilia wapi. (Kicheko) Na wewe ukisema kalala fofofo, hiyo fofofo ndo nini? Nyeupe pe, nyeusi ti, kimya jii, ushamsikia nani kasema nyeusi pe? Basi na wao hivyo hivyo, fast asleep, wide awake, brand new, kila moja na mwenzake, very asleep haipo. Haya, mwengine nani, wewe wa kofia.