Gia Iingie Bila Roboti Kuruka

Habari zenu. Kabla ya yote sikilizeni hii: krrr-TAK! Hiyo ni giaboksi ya roboti yangu jana, inalazimishwa kubadili gia huku mota zinavuta kwa nguvu zote. Leo tunaondoa huo mshtuko. Spana hatutaigusa sana, kazi kubwa iko kwenye programu.

Nasogeza kamera. Mnaona hiki kipande chenye meno? Kinateleza juu ya shafti, kinasukumwa na pistoni ya hewa. Kikienda kushoto kinakamata gia ya nguvu, uwiano 18 kwa 1, yaani mota inazunguka mara 18 gurudumu likizunguka mara moja. Kulia, gia ya kasi, 7 kwa 1. Meno yakiwa yamebanwa na nguvu ya mota hayaachii kirahisi: pistoni inasukuma, yenyewe yanang'ang'ania, halafu yanachomoka kwa kishindo.

Kwa hiyo kata kwanza nguvu ya mota, ndipo ufungue valvu inayopeleka hewa kwenye pistoni. Sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha. Ukizidisha, roboti inapoteza mwendo.

Hatua ya pili wengi wanairuka. Magurudumu yakizunguka mara 200 kwa dakika, kwenye gia ya nguvu mota inazunguka mara 3,600. Ukihamia gia ya kasi, kwa mwendo uleule, mota inatakiwa mizunguko 1,400 tu. Sasa wewe unairudishia nguvu yote ya mwanzo, isiruke kwa nini? Chukua nguvu ya awali, zidisha kwa 7, gawanya kwa 18. Asilimia 60 inakuwa kama 23. Anzia hapo, kisha ongeza taratibu.

Viwango sasa. Mimi napanda kwenda gia ya kasi magurudumu yakifika mizunguko 200 kwa dakika, nashuka kwenda gia ya nguvu kwenye 130. Ukiweka namba moja kwa vyote viwili, gia itaingia na kutoka kama mlango unaopigwa na upepo. Wala usishuke mapema: magurudumu yakiwa kwenye 400, gia ya nguvu ingeidai mota mizunguko 7,200, na hii yangu mwisho wake ni 6,000.

Roboti ikikata kona, programu isibadili gia kabisa. Magurudumu ya kulia na ya kushoto yana giaboksi zake; upande mmoja ukitangulia kubadili, roboti inapinda yenyewe. Ndiyo maana hata mipira ya kupitishia hewa, kulia na kushoto, nimeikata urefu mmoja.

Jaribu kwanza magurudumu yakiwa hewani, uhakikishe gia zinaingia pande zote. Haya, naishusha sakafuni. Sikilizeni... tak. Mmesikia? Narudia, maana hata mimi nilidhani haijabadili.