Daftari la Hesabu Lenye Maua

Zuhura: Kaka Baraka, nikupe hesabu ya zamani, ya wasichana wa Marekani. Yadi 4 za kitambaa zinauzwa shilingi 12. Yadi 10 je?

Baraka: Gawa 12 kwa 4, zidisha kwa 10... shilingi 30.

Zuhura: Bado hujamaliza. Pauni moja ya fedha wakati huo ilikuwa shilingi 20, basi andika pauni 1 na shilingi 10. Hiyo ndiyo Kanuni ya Vitatu: unajua vitu vitatu, unatafuta cha nne. Miaka ya 1790 huko Pennsylvania au Massachusetts, msichana akifika hapo kafika mbali. Wenzake wengi waliishia kusoma Biblia na kushona.

Baraka: Na kitabu alikuwa nacho?

Zuhura: Mara nyingi kitabu alijiandikia mwenyewe! Mwalimu anampa kanuni na maswali, naye ananakili. Akishapata jibu sahihi, ndipo analiingiza kwenye daftari kwa hati safi, kwa kalamu ya unyoya wa bata bukini. Vichwa kama Riba, au Faida na Hasara, anaviandika kwa herufi kubwa za madoido, pengine anazungushia maua na ndege. Daftari hilo linatunzwa, kesho na keshokutwa akikwama dukani au nyumbani analifungua.

Baraka: Lakini mtu akiona maua atasema walikuwa wanajipambia tu.

Zuhura: Hapo nakataa kabisa, kaka. Mbona wavulana nao walipamba ya kwao? Hati nzuri ilikuwa sehemu ya elimu, karani asiyeandika vizuri nani angemwajiri? Ya mvulana tunaiita ufundi, ya msichana tunaiita urembo. Inaniuma.

Baraka: Wasichana wote walipata nafasi hiyo, dada?

Zuhura: Hata kidogo. South Carolina, sheria ya 1740 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Na hata Boston, shule za mji zilipowapokea wasichana mwaka 1789, walisoma kuanzia Aprili hadi Oktoba tu. Wavulana mwaka mzima.

Baraka: Na waliowatetea walisemaje?

Zuhura: Daktari Benjamin Rush, mwaka 1787, aliwaambia wanafunzi wa chuo cha wasichana Philadelphia kwamba hesabu na utunzaji wa vitabu vya fedha ni lazima. Sababu yake? Amsaidie mume, na mume akifa, mke huenda ndiye atakayesimamia mirathi.

Baraka: Kumbe bado ni habari za mume.

Zuhura: Za mume, ndiyo. Ila hesabu ukishaijua, ni yako. Sasa sikia ninachokipenda kuliko vyote: Westtown, shule ya Wakweka, dhehebu la Kikristo, iliyofunguliwa 1799 huko Pennsylvania. Wasichana walishona tufe la dunia kwa hariri, likajazwa ndani, mistari ya latitudo na longitudo ikadariziwa kwa sindano.

Baraka: Subiri. Wagawe duara sawasawa juu ya kitu cha mviringo, kwa uzi?

Zuhura: Kwa uzi. Na baadhi ya matufe hayo yapo mpaka leo.