Kikosi na Mbinu za Kocha: Tunapimaje Kama Vinaendana?

Mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa leo ni upimaji wa kikosi: tutajuaje kama wachezaji tulionao wanaendana na mbinu za kocha tuliyemkabidhi timu? Kwa kawaida swali hili huulizwa timu ikishafungwa mechi tatu au nne, na hujibiwa kwa pupa. Naomba nianze na mkasa unaotajwa sana kama mfano wa kocha aliyepewa kikosi kisichomfaa, kwa sababu ukiutazama kwa karibu una mikunjo ambayo wasimuliaji huiruka.

Mwaka 2017 klabu ya Crystal Palace ya Uingereza ilimkabidhi timu Frank de Boer, Mholanzi aliyekuwa ametwaa ubingwa wa nchi yake mara 4 mfululizo akiwa kocha wa Ajax. Alikuta wachezaji waliozoea kukaa nyuma ya mpira na kushambulia kwa kushtukiza kupitia pembeni. Yeye akataka mabeki watatu wa kati na mpira unaojengwa kwa utulivu kuanzia nyuma. Alicheza mechi 4 za ligi, akafungwa zote 4, timu haikupata bao hata moja, akafukuzwa. Roy Hodgson akachukua nafasi yake, akarudi kwenye mabeki wanne, na msimu ukaisha Palace ikiwa ya 11. Wengi huishia hapo. Wanachokiacha ni kwamba Hodgson naye alipoteza mechi zake 3 za kwanza za ligi bila kufunga, na kwamba bao la kwanza la msimu lilipatikana katika mechi ya 8, dhidi ya Chelsea, siku ambayo Wilfried Zaha, mshambuliaji wake wa pembeni, alirejea uwanjani baada ya kuumia katika mechi ya ufunguzi. Palace ilishinda 2-1 siku hiyo, na bao la ushindi alilifunga Zaha mwenyewe.

Mimi bado naamini kikosi kile hakikuendana na alichokitaka De Boer. Hata hivyo, mtu anayepima kwa uangalifu hawezi kutoa hukumu hiyo kabla ya kuuliza nani hakuwepo. Mbinu ya kocha ikijaribiwa bila mchezaji anayeibeba, tunachokuwa tumepima ni upana wa benchi, nalo ni swali jingine kabisa.

Kosa linalofuata, na ambalo hata wachambuzi wazoefu hulifanya, ni kupima kwa tarakimu za mfumo. Tunasema kocha anacheza 4-3-3, tunahesabu mawinga wawili, viungo watatu na mabeki wanne, tunaridhika kwamba kila namba ina mwenyewe. Tarakimu hizo zinaonyesha watu wanasimama wapi. Hazisemi wanatumwa kufanya nini. Katika 4-3-3 ya kocha mmoja beki wa kulia anapanda hadi mstari wa mwisho kupiga krosi, na katika 4-3-3 ya kocha mwingine beki huyohuyo anaingia ndani na kusimama kando ya namba sita, yaani kiungo mkabaji, timu inapokuwa na mpira. Wa kwanza anahitaji pumzi na mguu wa krosi. Wa pili anahitaji kupokea mpira akiwa na adui mgongoni, kazi ambayo mabeki wengi wa pembeni hawajawahi kuifanya tangu utotoni, kwa kuwa muda wote wamecheza mstari wa uwanja ukiwalinda upande mmoja.

Kwa hiyo kipimo kianzie kwenye majukumu. Andika kile ambacho mbinu inamdai kila mchezaji timu ikiwa na mpira, timu ikiwa haina mpira, na katika zile sekunde chache za mpito ambapo mpira umepotea au umeporwa sasa hivi, kisha utazame ni jukumu lipi halina mtu. Nitachambua dai moja kwa kirefu ili muone linavyosambaa.

Uwanja wa mashindano makubwa kwa kawaida una urefu wa mita 105. Kocha anayetaka kukabia juu, yaani kuwabana wapinzani karibu na goli lao, huipandisha safu yake ya ulinzi karibu na mstari wa katikati, na hapo nyuma ya mabeki hubaki takriban mita 50 za nyasi tupu. Watu hukimbilia kuuliza kama mabeki wa kati wana kasi. Kasi ni muhimu, lakini kabla yake kuna suala la mwili umeelekea wapi: beki aliyesimama mraba, kifua kikimtazama mpiga pasi, lazima ageuke kwanza ndipo akimbie, na hatua mbili anazopoteza katika kugeuka ndizo mshambuliaji anazozihitaji. Yupo kipa pia. Akibaki ndani ya eneo lake dogo, mita zile zote ni mali ya mpinzani. Akisimama karibu na ukingo wa eneo la hatari na kuthubutu kutoka, sehemu kubwa ya mita hizo inakuwa yake. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza, ni kama anayepiga ile pasi ndefu amebanwa. Kiungo wa wapinzani akiachwa ainue kichwa na kuchagua, hakuna beki duniani mwenye kasi ya kutosha. Hivyo basi, timu inayofungwa kila mara kwa mipira ya nyuma ya mabeki huenda tatizo lake ni namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, asiyependa kukaba, ilhali magazeti yanamsulubu beki wa kati.

Kuna jambo jingine dogo ambalo napenda kulionyesha kwa sababu halionekani kwenye karatasi ya kikosi. Timu inaanza mpira wa goli, kipa anampa beki wa kati wa kushoto, na beki huyo anatumia mguu wa kulia. Mpira unapomfikia, mguu wake wenye nguvu uko upande wa ndani, kwa hiyo mguso wake wa kwanza unauvuta mpira kuelekea katikati, kule anakotokea mshambuliaji anayemkaba. Akitaka kumpa beki wa pembeni kushoto, analazimika kuugeuza mwili au kupiga kwa mguu dhaifu, na pasi inafika ikiwa imechelewa. Mshambuliaji mwerevu hahitaji hata kukimbia sana. Anaziba njia ya ndani tu na kusubiri. Mwenye mguu wa kushoto anausukuma mpira nje kwa mguso mmoja, na uwanja mzima unakuwa mbele yake. Kwa kocha anayeagiza mipira mirefu kuanzia nyuma, tofauti hii si kitu. Kwa kocha anayejenga kutoka nyuma, inaamua kama timu itavuka robo ya kwanza ya uwanja.

Sasa tuangalie mifano miwili ya mabeki watatu, kwa sababu inaelekea pande tofauti. Septemba 2016 Chelsea ya Antonio Conte ilifungwa 3-0 na Arsenal, na baada ya hapo kocha akahamia 3-4-3. Timu ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kutwaa ubingwa kwa pointi 93. Conte alipata wapi watu? César Azpilicueta, beki wa pembeni, akawa beki wa kati upande wa kulia. Victor Moses, winga aliyekuwa ametolewa kwa mkopo misimu 3 mfululizo, akapewa upande wote wa kulia, kupanda na kushuka. Kwa jina la nafasi, Moses hakuwa na sifa ya kazi ile. Kwa majukumu alikuwa nayo: alikuwa na nguvu za kwenda na kurudi, hakuona aibu kukaba, na akipewa nafasi mbele ya beki mmoja aliweza kumpita.

Miaka 8 baadaye, Novemba 2024, Rúben Amorim alifika Manchester United akitokea Sporting ya Lisbon na mfumo wake wa 3-4-2-1. Kikosi alichokikuta kilikuwa kimesajiliwa kwa ajili ya mabeki wanne na mawinga halisi. Katika mfumo wake winga wa kusimama kwenye chaki ya pembeni hana kiti: ama aingie ndani acheze kati ya viungo na mabeki wa wapinzani kama namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, ama arudi nyuma awe mlinzi nusu, na si kila winga anakubali au anaweza lolote kati ya hayo. Katika dirisha la usajili la majira ya baridi ya 2025 Marcus Rashford na Antony waliondoka kwa mkopo, na Patrick Dorgu akasajiliwa kutoka Lecce kwa ajili ya upande wa kushoto. Timu ilifika fainali ya Ligi ya Europa, ikafungwa 1-0 na Tottenham, na katika ligi ikamaliza nafasi ya 15 ikiwa na pointi 42. Mtaona kwamba makocha wote wawili walitaka umbo linalokaribiana. Aliyefaulu alikuta wachezaji wenye tabia za kazi ile wamejificha chini ya majina ya nafasi nyingine, na tena alikuwa nao tangu maandalizi ya msimu, huku Amorim akifika katikati ya safari.

Takwimu nazo zisomwe kwa tahadhari. Beki anayeongoza ligi kwa kupora mipira huenda anacheza tu katika timu isiyokaa na mpira. Kiungo mwenye asilimia kubwa ya pasi zilizofika huenda anatoa pasi za pembeni zisizomsumbua mtu. Namba hizo zimezalishwa na mbinu ya kocha aliyepita, na ukizitumia kutabiri chini ya kocha mpya bila kuuliza zilipatikana katika mazingira gani, unampima mtu kwa kazi ambayo hataifanya tena. Mimi huanza na video, na humtazama mchezaji wakati hana mpira.

Vilevile wachezaji wapimwe wawiliwawili na watatuwatatu. Msimu wa 2018/19 Maurizio Sarri alikwenda Chelsea pamoja na Jorginho, kiungo aliyekuwa mhimili wa mchezo wake huko Napoli. Jorginho alimfaa Sarri kikamilifu, lakini kumweka katikati kulimsogeza N'Golo Kanté upande wa kulia na mbele zaidi, mbali na eneo ambalo alikuwa amelitawala hadi kuchukua ubingwa na klabu mbili tofauti. Ulikuwa uamuzi mbaya? Chelsea ilimaliza ya 3 na kutwaa Ligi ya Europa, kwa hiyo sitauita mbaya. Ninachosema ni kwamba kumwingiza mchezaji mmoja anayefaa kuna gharama inayolipwa na mwingine, na gharama hiyo lazima iandikwe kwenye hesabu.

Kufaa kwenye mbinu pia hakufuti kazi ya msingi. Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016 alimweka kando Joe Hart na kumleta Claudio Bravo kutoka Barcelona, kwa sababu alitaka kipa anayecheza kwa miguu. Kwa miguu Bravo alikuwa bora. Kwa kuzuia mashuti msimu ule ulimwia mgumu, na City ikamaliza ya 3. Mwaka uliofuata akanunuliwa Ederson, mwenye miguu na mikono, pamoja na mabeki wapya wa pembeni, na timu ikavuna pointi 100. Mtu akisema dai la Guardiola la mwaka 2016 lilikuwa kosa, nitambishia: dai lilikuwa sahihi, mtu wa kulitimiza ndiye hakuwa amepatikana.

Kocha wa klabu ana dirisha la usajili. Kocha wa timu ya taifa anachagua miongoni mwa wenye uraia wa nchi yake, na ndiyo maana nadhani upimaji makini zaidi hufanyika huko. Walid Regragui aliteuliwa kuifundisha Morocco mwishoni mwa Agosti 2022, miezi isiyotimia mitatu kabla ya Kombe la Dunia. Alimrudisha Hakim Ziyech, aliyekuwa amekosana na kocha aliyetangulia, na akaijenga timu kuzunguka kile ilichokuwa nacho tayari: safu mbili zilizoshikana, Sofyan Amrabat akilinda mbele ya mabeki, na kasi ya Achraf Hakimi kulia. Walikubali kuwaachia Hispania mpira, wakawatoa kwa penalti. Wakawafunga Ureno 1-0. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, wakiwa hadi hapo wameruhusu bao moja tu, tena la kujifunga wenyewe. Hapo ni mbinu iliyopimwa kama inawafaa wachezaji, na wengi wetu husahau kwamba mizani hii inasomeka pande zote mbili.

Limebaki suala la lini hukumu itolewe. Mechi za kirafiki hazitoshi, kwani wapinzani hawakabi kwa dhati. Ningependekeza kusubiri hadi timu ikutane na mpinzani anayekabia juu, mwingine anayejaza watu nyuma, na mwingine anayemudu kukunyang'anya mpira kwa muda mrefu, maana kila mmoja hufichua udhaifu ambao wenzake hawauoni. Kisha tenganisha yanayofundishika na yasiyofundishika: lini kukaba, namna ya kusimama, na wapi pa kupokea mpira hujifunzwa kwa wiki kadhaa, kasi na kimo havifundishiki, na mguu wa kushoto kwa mtu mzima karibu haufundishiki. Jukumu lenye mtu mmoja tu anayeliweza liandikwe kama pengo, hata kama mtu huyo ndiye nyota wa timu.

Taarifa hiyo ikikamilika, apelekewe kocha kwanza, kabla haijafika kwa uongozi. Nasema hivi kwa sababu za kikazi zaidi kuliko za heshima: mchambuzi hukisia maagizo kwa kutazama uwanjani, na kocha ndiye anayeweza kumwambia kwamba beki yule anayepanda ovyo, ambaye kurasa tatu za taarifa zimeandikwa kuonyesha kwamba hafai kupanda, hajawahi kuagizwa apande.

Karibuni kwa maswali.