Presha ya Macho: Mazungumzo ya Mwalimu na Sista

SISTA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, Sista. Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo hatuna mgeni, kwa kuwa jambo tunalolizungumza limo ndani ya macho yangu mwenyewe kwa mwaka wa saba sasa, na mwenzangu amewahudumia wagonjwa wa macho kwa muda mrefu kabla ya kustaafu. Tunazungumzia glaukoma, ambayo wengi wetu hapa Dar es Salaam tunaiita presha ya macho.

SISTA: Naomba nianzie kwenye jina hilo hilo, Mwalimu, kwa sababu limewapoteza watu. Nimewaona wagonjwa walioacha matone kwa kuwa walipimwa presha mkononi wakaambiwa iko sawa, na wengine waliodhani kwamba vidonge vya presha ya damu vinatosha kutibu na macho. Hizi ni presha mbili tofauti. Ya jicho ni msukumo wa maji yanayotengenezwa ndani ya jicho usiku na mchana, ambayo wala si machozi, na ambayo hutoka kupitia vichujio vidogo sana vilivyo pembezoni mwa sehemu nyeusi ya jicho. Vichujio vikishindwa kupitisha maji sawasawa, msukumo hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Macho mengi yasiyo na ugonjwa husoma kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini wapo wanaoumia hata wakiwa ndani ya kiwango hicho, na ndiyo maana daktari hawezi kutosheka na namba peke yake bila kuutazama mshipa wenyewe.

MWALIMU: Mimi nilikutwa na 34 jicho la kulia na 31 la kushoto, na sikuwa na maumivu yoyote. Nilikuwa nasoma gazeti bila shida. Dalili zilikuwepo, ila nilizipa majina mengine. Nilipokuwa navuka barabara Kariakoo, bodaboda zilikuwa zinanitokea ghafla ubavuni, nami nikawalaumu vijana kwamba wamezidi mwendo. Aliyeshtuka ni mke wangu, baada ya kuona nimegonga kikombe cha chai alichokiweka kushoto kwangu, mara ya tatu katika wiki moja, akaniambia, "Baba, hiki kikombe hukioni."

SISTA: Na ulipopimwa uwanda wa kuona?

MWALIMU: Niliweka kidevu kwenye mashine, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila ninapoona nukta ya mwanga. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba nimefanya vizuri. Karatasi ilipochapishwa, sehemu kubwa ya upande wa kushoto ilikuwa nyeusi kama iliyomwagikiwa wino. Nukta zilikuwa zimewaka pale zote, nami sikubonyeza kwa sababu sikuona kitu, na wala sikujua kwamba sioni.

SISTA: Weusi ule haurudi kuwa mweupe, na hilo ndilo neno gumu kuliko yote tunayomwambia mgonjwa. Jirani yake alikuwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa akawatambua wajukuu. Naye mgonjwa wa glaukoma anatazamia hivyo hivyo. Matone ya glaukoma kazi yake ni kulinda uoni uliobaki. Mtu anayeyatumia akisubiri aone vizuri zaidi, ataona miezi inapita bila nafuu yoyote, macho yanamwasha kidogo, fedha zinatoka, na mwishowe ataacha. Naye hatasikia lolote siku aliyoacha, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hauumi.

MWALIMU: Mimi niliacha, Sista, na ninalisema hili ili mwingine asirudie. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nikaona heri nisimamishe matone ya mchana mpaka Idi nisije nikaharibu funga yangu. Niliporudi kliniki, presha iliyokuwa imeshuka hadi 17 ilikuwa imepanda tena.

SISTA: Na hukuwa na haja ya kuacha. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, dawa inayotiwa jichoni haibatilishi saumu. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, kisha amuulize daktari kama dawa yake inaweza kupangwa usiku. Latanoprosti, kwa mfano, hutiwa mara moja tu kwa siku, kwa kawaida usiku, wakati timololi aghalabu hutiwa asubuhi na jioni. Hiyo timololi mtu mwenye pumu asiitumie, hata kama ndiyo ya bei nafuu, kwa sababu hubana njia za hewa na hupunguza mapigo ya moyo, ingawa imetiwa jichoni.

MWALIMU: Waeleze namna ya kuitia, maana mimi kwa mwaka mzima nilikuwa naosha shavu.

SISTA: Nawa mikono, inua uso utazame dari, vuta kope ya chini mpaka pawe na kijifuko, kisha dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Tone la pili halisaidii, kwa kuwa jicho halina nafasi ya kulibeba. Fumba jicho bila kulikaza, halafu bonyeza kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Hapo pana kitundu kinachoteremsha machozi puani na kooni, na ukikiziba dawa inabaki jichoni badala ya kwenda kwenye damu, na ule uchungu unaousikia kooni unapungua. Kama una chupa mbili, ngoja dakika 5 kabla ya kutia ya pili, isije ikaosha ya kwanza.

MWALIMU: Joto la mji wetu nalo lina neno lake. Aina nyingi za latanoprosti hutakiwa kukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, na baada ya hapo zisizidi nyuzi 25, ilhali chumba changu kinapita hapo mwezi Februari hata saa nne usiku. Nikimwona mtu ameacha chupa kwenye dashibodi ya gari, moyo unaniuma.

SISTA: Kinachoniuma zaidi mimi ni matone yanayonunuliwa dukani bila cheti. Macho yanawasha kwa vumbi, muuzaji anatoa chupa yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, wekundu unaisha kwa siku 2, na mtu anaendelea nayo kwa miezi. Dawa hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa kwa mtu ambaye hakuwa na glaukoma kabisa. Na wale wanaokunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo kila alfajiri, kama wana glaukoma, wayanywe kidogo kidogo, kwa kuwa maji mengi kwa mara moja hupandisha presha ya jicho kwa muda.

MWALIMU: Wasikilizaji wametuuliza pia kuhusu mionzi ya leza.

SISTA: Hapo tuna ushahidi wa nyumbani. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa timololi na wengine wakapigwa leza kwenye vile vichujio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya timololi. Leza haiponyi, na nguvu yake huweza kuisha ikabidi irudiwe, lakini kwa mtu ambaye kununua chupa kila mwezi ni mzigo, ni jambo la kumuuliza daktari. Upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji nao upo, hasa presha inapokataa kushuka.

MWALIMU: Utafiti mwingine ulifanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, nao ulikuta glaukoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 waliotimiza miaka 40 na kuendelea. Nami nina watoto watatu, na wawili wameshavuka umri huo.

SISTA: Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, hatari inaongezeka mara kadhaa. Wamepimwa?

MWALIMU: Wa kwanza amepimwa, yuko salama. Wa pili anasema anaona vizuri, na mimi namjibu kwamba hata mimi nilikuwa nasoma gazeti. Jana nimemwonyesha ile karatasi yangu yenye wino. Akaishika, akafumba jicho moja, akalifumba na la pili, kisha akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi. Alhamisi tunakwenda pamoja.